Vijana wa Lukaya Walikufa kwa Ajili ya Nani?

Imezuka tabia, hasa tangu mwaka 2011, ya kuisimulia historia ya Afrika kama zinavyosimuliwa sifa za marehemu matangani: mazuri yote hutajwa, na mabaya yote huzikwa pamoja na maiti. Kanali Muammar Gaddafi wa Libya aliuawa tarehe 20 Oktoba mwaka huo, baada ya miezi ya mabomu ya ndege za NATO. Kwa kuwa waliosaidia kumwangusha walikuwa mataifa yale yale ambayo Afrika inayafahamu vizuri tangu enzi za ukoloni, wengi wamefanya haraka kuhitimisha kwamba aliyepigwa na mabeberu hana budi kuwa alikuwa mkombozi.

Hitimisho hilo sasa limeingia maofisini na madarasani. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kueleza habari za Azimio la Sirte la mwaka 1999, lililofungua njia ya kuundwa kwa Umoja wa Afrika. Anaweza kueleza jinsi Libya ilivyowasaidia wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Lakini mwanafunzi huyo huyo hajapata kulisikia jina la Lukaya. Hajui kwamba miaka ishirini kabla ya Azimio la Sirte, askari wa Kanali huyo walikuwa katika ardhi ya Uganda, wakiwarushia makombora vijana wa Tanzania kwa ajili ya kumwokoa Nduli Idi Amin. Wala hajui kwamba askari hao walikufa kwa mamia, mbali na kwao, katika vita visivyowahusu.

Kuna wanaosema kwamba hayo yamepita na kwamba hakuna faida ya kuyafukua. Wanakosea. Taifa lisilotaka kujua ni kwa nini askari wa kigeni walikufa katika vita vya rafiki wa mtawala wao, halitajua kuuliza, siku ikifika, ni kwa nini askari wake lenyewe wanakufa katika vita vya rafiki zake. Swali la Lukaya halihusu kisasi na Libya. Ni swali la thamani ya damu ya askari, na la nani mwenye haki ya kuitoa.

USUHUBA ULIVYOANZA

Idi Amin alinyakua madaraka tarehe 25 Januari, 1971. Wakati huo Israeli ilikuwa na washauri wengi katika jeshi la Uganda, na Amin mwenyewe alikuwa sahibu wao. Lakini fedha na silaha alizozitaka hakuzipata kwa kiasi alichotaka. Mwezi Februari 1972 alikwenda Tripoli, na haukupita muda mrefu Waisraeli wakafukuzwa Uganda. Huo ndio uliokuwa msingi wa usuhuba wa Kampala na Tripoli. Mmoja alihitaji mfadhili, na mwingine alihitaji kuonyesha ulimwengu kwamba ameing'oa Israeli katika moyo wa Afrika. Wananchi wa Uganda hawakuulizwa, na wananchi wa Libya hawakuulizwa.

Mwezi Septemba mwaka huo huo, wafuasi wa Dk. Milton Obote walipojaribu kurudi Uganda kwa silaha wakitokea Tanzania, Gaddafi alipeleka kwa ndege askari wanaokaribia 400 kwenda kumsaidia Amin. Sudan ilizizuia ndege hizo Khartoum, lakini askari hao walifika Uganda kwa njia nyingine. Jaribio lile lilishindwa, na mapatano yakafanyika Mogadishu. Lakini tayari ilikwisha kudhihirika kwamba kiti cha Amin kilikuwa na mguu mmoja Tripoli.

Kwa miaka saba iliyofuata, mguu huo haukuondolewa. Waasia walifukuzwa, uchumi ukaporwa, na majaji, wasomi, viongozi wa dini na askari wa makabila yaliyoshukiwa wakauawa. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mahakamani mwaka 1972, akauawa. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mwezi Februari 1977. Hakuna aliyeishi wakati huo na kusikiliza redio awezaye kudai kwamba hakujua Uganda ilikuwa inatawaliwa na mtu wa namna gani. Gaddafi alijua, na aliendelea kutoa.

Ndipo ukafika mwezi Oktoba 1978. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua wananchi, yakachoma nyumba, yakaswaga maelfu ya ng'ombe kuwapeleka Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Mwezi Novemba, Mwalimu Julius Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi vipo. Tangu siku hiyo Mtanzania yeyote, awe mwanajeshi, mwanamgambo au mkulima aliyetoa ng'ombe na nafaka, alijua vita ni vya nini.

Askari wa Libya aliyepelekwa upande wa pili hakuwa na jibu la swali hilo.

LUKAYA

Kufikia mwisho wa Februari 1979, Masaka na Mbarara zilikuwa zimekwisha kutekwa na majeshi ya Tanzania. Jeshi la Uganda lilikuwa linavunjika kama chungu kibovu. Hapo ndipo Kanali Gaddafi alipoongeza mkono. Ndege za mizigo zilitua Entebbe zikiwa na vifaru, mizinga, makombora na watu. Wengi wa watu hao hawakuwa askari wa kazi. Miongoni mwao walikuwamo wanamgambo, na vijana wa nchi nyingine za Afrika waliokwenda Libya kutafuta maisha wakaingizwa katika kikosi kilichopewa jina zuri la umoja wa Kiislamu. Imesimuliwa kwamba baadhi yao waliambiwa wanakwenda kwenye mazoezi.

Tarehe 10 Machi, 1979, msafara wao ulifika Lukaya, kando ya bwawa kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, ukiwa na vifaru na makombora. Nia ilikuwa kuirudisha Masaka mikononi mwa Amin. Ukweli lazima usemwe wote: siku hiyo ya kwanza Walibya na Waganda walifanikiwa. Makombora yao mengi yalipita juu ya vichwa, lakini kishindo kiliwatawanya askari wa Brigedi ya 201, ambao wengi wao walikuwa wanamgambo wapya vitani. Kama washambuliaji wangesonga mbele usiku ule, vita vingeweza kuchukua sura nyingine.

Hawakusonga. Usiku huo Brigedi ya 201 ilijipanga upya, na Brigedi ya 208 ikazunguka kwa mwendo mrefu ili kuikata barabara ya Kampala. Asubuhi ya tarehe 11 Machi, Walibya walijikuta wamepigwa pande mbili. Wanahistoria wa vita hivyo wameandika kwamba maiti zaidi ya 400 zilihesabiwa uwanjani, na karibu nusu yake zilikuwa za Walibya.

Ni jambo gani walilokuwa wakilifanya wenyeji wao wakati huo? Habari za vita hivyo zimeeleza sana jambo moja ambalo kila mwalimu wa historia angefaa kuliandika ubaoni. Katika majuma yaliyofuata, Walibya walijikuta mstari wa mbele, na nyuma yao askari wa Amin walikuwa wakiyatumia malori ya jeshi kubeba mali za kupora, wakielekea upande usio na vita. Mgeni alikuwa anakufa kwa ajili ya nyumba, na mwenye nyumba alikuwa anahamisha vyombo.

Mwishoni mwa Machi Gaddafi aliipa Tanzania saa 24 iondoe majeshi yake Uganda. Tanzania haikuondoka. Ndege ya kivita ya Libya ikatumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaikosa shabaha na kuangukia hifadhi ya wanyama. Tarehe 7 Aprili, 1979, Entebbe ilitekwa, na Walibya zaidi ya 300 wakauawa katika mapigano ya huko. Siku nne baadaye Kampala ilikuwa mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda. Kwa jumla, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Walibya kama 600 walikufa katika kampeni iliyodumu kwa majuma machache tu.

Idadi ya vifo ingekuwa kubwa zaidi kama Tanzania isingeamua jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Kabla ya kuingia Kampala, majeshi yaliamriwa kuiacha wazi barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, ili Walibya wapate kutoka na kurudi kwao. Mwalimu hakutaka aibu ya Walibya izae uadui wa kudumu kati ya nchi za Kiarabu na Afrika nyingine. Waliokamatwa waliachiliwa baadaye. Kwa maneno mengine, aliyewahurumia vijana wa Libya mwaka 1979 alikuwa adui yao wa vitani. Mkuu wao aliyewatuma hakuwahurumia, na rafiki yake waliyetumwa kumwokoa hakuwahurumia.

Na Amin mwenyewe? Hakufia Lukaya wala Entebbe. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akaishi huko kwa raha mpaka alipokufa kitandani, Jeddah, tarehe 16 Agosti, 2003. Miaka 24 aliyoiishi baada ya vita ilinunuliwa, kwa sehemu, kwa roho za vijana wa Kilibya.

HOJA ZA WATETEZI

Wanaotaka Lukaya isahauliwe huwa na hoja tatu, na kila moja inastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba rafiki ni rafiki. Gaddafi, wanasema, alitimiza ahadi. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na yeye alimfaa rafiki yake katika dhiki. Hoja hii ina sauti tamu, lakini inaanguka mara tu mtu anapouliza aliyefaa alitoa nini. Mtu akimsaidia rafikiye kwa mali yake mwenyewe, huo ni ukarimu. Akimsaidia kwa mtoto wa jirani, huo si ukarimu tena. Damu iliyomwagika Lukaya haikuwa ya Kanali. Ilikuwa ya vijana ambao mama zao hawakupata kukaa kikao kimoja na Idi Amin. Ahadi ya mtawala kwa mtawala mwenziwe haiwezi kuwa deni linalolipwa na mtoto wa mkulima.

Tena dhiki yenyewe ilikuwa ya nani? Dhiki ya Uganda ilikuwa Amin. Aliyetaka kuifaa Uganda katika dhiki yake angewasaidia Waganda kumwondoa. Kumlinda mwizi asikamatwe hakugeuki kuwa wema kwa sababu mwizi huyo ni rafiki.

Hoja ya pili ni ya dini. Inasemwa kwamba Libya ilikwenda kuwatetea Waislamu wa Uganda. Hoja hii ni ya hatari, na haina budi kukanushwa bila kumung'unya maneno. Tanzania haikuvuka mpaka kumpiga Mwislamu. Ilimpiga mvamizi. Katika mahandaki ya jeshi la Tanzania walikuwamo Waislamu na Wakristo na wasiokuwa katika dini hizo mbili, na walizikwa bila kubaguliwa. Risasi ya Libya ilipomwangusha Mtanzania aliyekuwa ameswali alfajiri ile, ilikuwa inamtetea Mwislamu gani? Na katika Uganda yenyewe, Amin aliwaua Waislamu vilevile kama alivyowaua wengine, pale walipomtilia shaka. Alipoanguka, waumini wasio na hatia ndio walioachiwa lawama ya matendo yake. Hao hawakutetewa. Walitumiwa, na dini ilitumiwa, kama blanketi la kufunikia silaha.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa na wasomi: kwamba kumkosoa Gaddafi ni kuwasaidia mabeberu. Hoja hii ni dharau kwa Afrika. Inadai kwamba Mwafrika hana akili ya kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Inawezekana kabisa kusema kwamba mabomu ya NATO ya mwaka 2011 yaliiacha Libya ikiwa vipande, na kusema pia kwamba Kanali alikosa mwaka 1979. Inawezekana kuishukuru Libya kwa msaada wake kwa wapigania uhuru, na kuilaumu kwa msaada wake kwa dhalimu. Anayeshindwa kuyasema yote mawili si mzalendo wa Afrika. Ni shabiki, na ushabiki haujapata kuikomboa nchi yoyote.

Wala Lukaya haikuwa ajali ya mara moja. Miaka minane baadaye, katika vita vya Chad, Gaddafi alikuwa na maelfu ya askari kaskazini mwa nchi hiyo huku akikana mbele ya ulimwengu kwamba wapo. Tarehe 22 Machi, 1987, kambi yao kubwa ya Wadi Doum ilitekwa. Mamia walikamatwa, pamoja na kamanda wao, Khalifa Haftar. Kwa kuwa serikali yao ilikwisha kukana kuwapo kwao, iliwakana pia walipokuwa mateka. Basi huo ndio mwisho wa askari anayepelekwa kwa siri: akifa hana kaburi, na akikamatwa hana nchi.

NA TANZANIA JE?

Msomaji mwenye haki atauliza swali la haki: Je, askari wa Tanzania hawakuwa nao wageni Uganda? Hawakupigana na kufa katika nchi isiyo yao?

Walikuwa wageni, na walikufa. Mamia wamelala Kaboya, mkoani Kagera. Katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwezi Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliikosoa Tanzania waziwazi kwa kuvuka mpaka. Swali lao halikuwa la kipuuzi. Mlango ukifunguliwa kwa jeshi la nchi moja kumwondoa mtawala wa nchi nyingine, nani ataufunga? Tena kukaa kwa majeshi ya Tanzania Uganda mpaka mwaka 1981, katika siasa zilizokuwa zimejaa fitina, kulileta lawama ambazo si zote zilikuwa za uongo. Gharama za vita, zinazokadiriwa kuwa dola milioni 500, ziliukaba uchumi. Wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane, na wengi wanakumbuka kwamba mikanda haikulegea baada ya miezi hiyo.

Lakini tofauti ipo, na haipimwi kwa kuangalia bendera tu. Inapimwa kwa mizani tatu.

Mizani ya kwanza ni sababu. Mtanzania aliingia vitani kwa kuwa ardhi yake ilivamiwa na watu wake waliuawa. Libya haikuvamiwa na mtu yeyote.

Mizani ya pili ni ukweli. Taifa la Tanzania liliambiwa kwa redio, kwa sauti ya kiongozi wake, kwamba kuna vita, na ni vya nini. Liliombwa mchango, na likautoa likijua. Libya haikutangaziwa kwa uwazi kwamba watoto wake wanakwenda kufa Uganda.

Mizani ya tatu ni kaburi. Taifa linaloamini kwamba askari wake alikufa kwa haki halifichi kaburi lake. Kaboya pana makaburi na majina, na viongozi huenda mchana kuweka mashada. Mtwara, katika makaburi ya Naliendele, wamelala askari wa Tanzania waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji, nao huenziwa waziwazi. Pale ambapo wafu wanafichwa, mwananchi ana haki ya kushuku kwamba sababu ya vifo vyao haistahimili mwanga.

Mizani hizo zinaweza kuwekewa wengine. Cuba ilipeleka majeshi Angola mwezi Novemba 1975, kwa maombi ya MPLA, wakati majeshi ya makaburu wa Afrika Kusini yalikuwa yamekwisha kuingia nchini humo. Wacuba zaidi ya 2,000 walikufa Angola. Sababu yao inapita katika mizani: mapigano ya Cuito Cuanavale ya 1987 na 1988 yalisaidia kuleta mapatano ya New York ya tarehe 22 Desemba, 1988, na Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi, 1990. Tarehe 7 Desemba, 1989, mabaki ya waliokufa yalizikwa kwa heshima katika Cuba nzima. Hata hivyo, katika mizani ya ukweli Cuba nayo ilipungukiwa, kwa kuwa mwanzoni wananchi wake hawakuambiwa, na kwa miaka mingi familia zilibeba msiba bila taifa kutajiwa hesabu. Haki ya vita haiondoi deni la kusema ukweli. Anayeisifu Cuba, kama inavyostahili, asiifiche dosari hiyo.

MTIHANI HAUJAPITA

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya vitabuni. Mwezi Juni 2024, Urusi na Korea ya Kaskazini zilitiliana sahihi mkataba wa kusaidiana kijeshi. Kufikia mwezi Oktoba, maelfu ya askari wa Korea ya Kaskazini walikuwa Urusi, na baadaye wakaingizwa katika mapigano ya mkoa wa Kursk dhidi ya Ukraine. Idara ya ujasusi ya Korea ya Kusini ilikadiria mwezi Aprili 2025 kwamba kama 600 kati yao walikuwa wamekufa. Muda wote huo Pyongyang ilikuwa kimya. Ilikiri tarehe 28 Aprili, 2025, baada ya zaidi ya nusu mwaka, na ndipo picha za wafu zikaanza kupambwa kwa nishani. Kwa nusu mwaka mama wa Pyongyang hakutakiwa kujua mwanawe yuko wapi. Halafu akaamriwa ajivune. Nani awezaye kulisoma hilo asiikumbuke Lukaya?

Na jambo liko karibu zaidi ya Kursk. Tarehe 7 Desemba, 2017, walinda amani wa Tanzania waliuawa katika shambulio la Semuliki, mashariki mwa Kongo. Mwezi Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania waliokuwa huko kwa niaba ya SADC walipoteza maisha. Mwezi Machi mwaka huo wakuu wa SADC wakaamua kuufunga ujumbe huo wa kijeshi. Askari hao hawakwenda kumlinda Nduli, na hakuna mwenye akili timamu awezaye kuwafananisha na walinzi wa Amin. Walikwenda kwa azimio la mataifa, kuwalinda raia wanaoteseka.

Lakini sababu njema haifuti swali. Inalifanya liwe la lazima zaidi. Walipokwenda, wananchi walielezwa kwa kiasi gani lengo la kwenda, muda wa kukaa na dalili za kushinda au kushindwa? Walipokufa, taifa liliwataja kwa majina kwa muda gani kabla ya kurudi kwenye habari nyingine? Ujumbe ulipofungwa, ilielezwa kwamba umefanikiwa nini na umeshindwa nini? Afrika Kusini maswali hayo yaliulizwa bungeni kwa sauti kubwa, na nchi hiyo haikuanguka kwa kuulizwa. Kuuliza si kumvunja moyo askari. Kinachomvunja moyo askari ni kujua kwamba akifa hakuna atakayeuliza.

WAJIBU WA WENYE KALAMU NA CHAKI

Hapa ndipo wajibu unapowafikia watu wawili ambao taifa linawategemea kuliko wanavyojidhania: mwalimu na mtumishi wa serikali.

Mwalimu ndiye anayeamua kama Vita vya Kagera vitabaki kuwa tarehe za kukariri au vitakuwa somo la maadili. Hakatazwi kumfundisha mwanafunzi mema ya Gaddafi. Analazimika kumfundisha na Lukaya, na kumfundisha kwa namna ambayo mwanafunzi atawaonea huruma hata wale 600 waliokuwa upande wa adui. Somo la vita lisilokuwa na huruma kwa aliyedanganywa ni propaganda tu. Mwanafunzi akiisha kuelewa kwamba kijana wa Benghazi na kijana wa Bukoba wangeweza kukaa dawati moja, na kwamba aliyewakutanisha kwa bunduki ni usuhuba wa watawala wawili, atakuwa na kinga dhidi ya kila mpiga ngoma wa vita atakayekuja baadaye, awe anavaa kilemba, suti au magwanda.

Mtumishi wa serikali ndiye mlinzi wa faili. Vita vya mwaka 1978 na 1979 vinazeeka pamoja na waliovipigana. Kila mwaka wanapungua. Kumbukumbu zao zisipoandikwa, na nyaraka zisipotunzwa na kufunguliwa kwa watafiti wa nchi hii, historia itaandikwa na wageni, au itaandikwa na mashabiki. Faili linaloliwa na mchwa ni kaburi la pili la askari, na la pili huwa halina hata jiwe.

Libya nayo ina deni kwa watoto wake, na Uganda ina lake. Lakini kila nchi huanza kufagia uani kwake. Tanzania iliyoiacha wazi barabara ya Jinja mwaka 1979, ili vijana wa adui wapate kurudi kwa mama zao, haiwezi kuwa taifa linalosahau ni kwa nini vijana hao walikuwapo pale. Walikuwapo kwa sababu nchini mwao hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kumwuliza mtawala swali moja fupi: wanakwenda kufa kwa ajili ya nani?

Nchi ambayo swali hilo linaweza kuulizwa bungeni, gazetini na darasani, na likajibiwa kabla ndege haijaruka, ndiyo nchi inayostahili kutumikiwa na askari. Ambako haliulizwi, uwanja wa Lukaya haujafungwa. Unangojea tu kupewa jina jingine.